Sasa Nipeleke kwa Walio Wazima

Barua ya wazi kwa Kamati ya Afya ya Bunge la Kaunti ya Kiambu

Waheshimiwa,

Siku ya maoni ya umma kuhusu bajeti kila mtu alipewa dakika mbili, na ilikuwa haki, kwa sababu foleni ilikuwa imefika mlangoni na mvua ilikuwa njiani. Mimi zangu nilizimaliza kwa kujitambulisha na kumshukuru mwenyekiti wa kikao. Niliyokuwa nimekuja kuyasema nikarudi nayo nyumbani. Nayaandika hapa, hadharani, ili na majirani zangu wayasome na kunisahihisha nikikosea.

Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii katika wadi ya Gatongora. Ni mmoja wa wale 100,000 tuliozinduliwa pale Uhuru Park Septemba 2023, tukapewa mkoba wenye kipimajoto, mashine ya presha na mizani, pamoja na simu ya kurekodi. Asubuhi napita nyumba kwa nyumba. Kuanzia saa saba mchana niko kibandani kwangu nikiuza nafaka: mahindi, maharagwe, ndengu, njahi. Posho ya uhamasishaji peke yake hailipi kodi ya nyumba, lakini hilo tuliweke kando, si lililonileta. Siku ile watu waliomba barabara, taa za mtaani, basari na zahanati. Mimi nilitaka kumwombea mtu ambaye hakuna aliyemtaja.

Nilimjua hivi. Ilikuwa msimu wa mvua, na katika ploti tatu zinazopakana watoto walikuwa wanaharisha. Kwetu hilo si ajabu. Nilikuwa nimepita na paketi za chumvi-sukari na vidonge vya zinki, nikawaelekeza kina mama, nikarekodi kwenye simu, nikaenda zangu. Siku ya pili akaja msichana mmoja na daftari. Alikuwa afisa wa afya ya umma kutoka upande mwingine wa kaunti, yuko mafunzoni. Wazee wangemwita bwana afya, na kwa kuwa alikuwa mwanamke tulikwama kidogo, tukaishia kumwita daktari, naye akikataa kila mara.

Nilimpeleka kwa wagonjwa mmoja mmoja. Aliuliza kwa upole: mtoto alianza lini, saa ngapi, alikula nini siku mbili kabla, maji ya kunywa yalitoka wapi. Mpaka hapo nilimwelewa. Hata mimi ningeuliza hayo. Tulipotoka kwa wa mwisho nikafunga mkoba wangu. Akaniambia, "Sasa mama, nipeleke kwa walio wazima."

Nilicheka. Asiyeumwa ana nini cha kumwambia daktari? Lakini tulienda. Tukatafuta watoto wa umri ule ule, ploti zile zile, ambao tumbo halikuwagusa, na akawauliza mama zao maswali yale yale bila kuruka hata moja. Kuna mama aliyekasirika akidhani mwanawe anatafutiwa ugonjwa kwa nguvu. Ilibidi niketi naye kwenye ngazi nimweleze jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimelielewa.

Jioni tulikaa kibandani, yeye juu ya gunia la maharagwe. Akapiga mstari katikati ya ukurasa: huku wagonjwa, huku wazima. Mandazi ya kona: walikula hawa na hawa. Choo: kimoja kwa wote. Maziwa ya kupima: nusu kwa nusu. Kisha akafika kwenye maji. Stima ilikuwa imepotea siku mbili, pampu ya kisima haikuvuta, na watu wakanunua maji ya mkokoteni. Wauzaji walikuwa wawili. Hapo ukurasa ukaanza kusema: wagonjwa karibu wote walikuwa wamenunua kwa mmoja, wazima wengi kwa yule mwingine. Mimi ningeapa kuwa ni mandazi. Ningekuwa nimemharibia jirani yangu biashara bure.

Hata hivyo hakusema ni maji. Alisema anayashuku maji, akachukua sampuli kutoka mapipa ya wote wawili, akaandika saa na mahali, akapanda boda. Sampuli hizo nitazirudia.

Huyo ndiye ninayemwombea, waheshimiwa. Wataalamu wana jina refu, mtaalamu wa epidemiolojia ya nyanjani. Sisi tuseme mpelelezi wa magonjwa, kwa sababu kazi yake ni ile ya askari kanzu mwenye akili: hamkamati wa kwanza anayeonekana mchafu. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari zao, maana kibandani saa za kukaa bure ni nyingi. Ufundi wao una ukoo. Ulianzia Marekani mwaka 1951, wakati wa vita vya Korea, pale daktari mmoja kwa jina Alexander Langmuir alipotumia hofu ya silaha za vijidudu kuanzisha kikosi cha vijana wa kutumwa popote ugonjwa ulipozuka. Nembo ya kikosi hicho ni soli ya kiatu iliyotoboka. Mtu anayejua udongo wa Gatongora wakati wa masika haelezwi maana yake.

Thailand ilianzisha mafunzo ya namna hiyo mwaka 1980. Huku kwetu Afrika, miaka ya tisini, Zimbabwe, Uganda na Ghana zilikuwa na kilichoitwa shule za afya ya umma zisizo na kuta, zikisaidiwa na Rockefeller Foundation. Mwaka 1997 programu za dunia nzima zikaunda mtandao wao, TEPHINET. Mwaka 2005 za Afrika zikaunda wa kwao, AFENET, wenye makao yake Kampala, na Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi nne zilizouasisi, pamoja na Uganda, Ghana na Zimbabwe. Programu yetu wenyewe ilikuwa imeanza mwaka mmoja kabla, 2004, chini ya Wizara ya Afya na kwa msaada wa CDC ya Marekani, na tangu mwanzo iliunganisha upelelezi wa nyanjani na kazi ya maabara. Wanaosoma ngazi ya juu hukaa miaka miwili wakitafuta shahada ya uzamili, na robo tu ya muda huo iko darasani. Kwa miaka kadhaa shahada hizo zilitolewa na JKUAT, pale Juja, ambapo kutoka Ruiru ni matatu moja. Baadaye zikatolewa na Chuo Kikuu cha Moi.

Ngazi inayonihusu mimi ni ile ya chini. Tangu 2014 Kenya ina mafunzo ya mstari wa mbele, ya miezi mitatu, kwa maafisa walio kazini. Afisa haachi kituo chake. Anaitwa darasani siku chache, anarudi kazini na kazi ya kufanya: akague takwimu za kituo chake mwenyewe aone kama zinasema kweli, achunguze wagonjwa halisi, aandike ripoti, kisha arudi aulizwe mbele ya wenzake. Yule msichana alikuwa katikati ya miezi hiyo. Daftari lake lilikuwa kazi ya nyumbani.

Sasa nirudi 2004, kwa sababu mwaka huo programu yetu ilipoanza, sisi wa hapa tulikuwa na msiba ambao wengi wenu mmeusahau. Wakati huo Ruiru ilikuwa ndani ya Wilaya ya Thika. Watu walianza kuletwa hospitalini Makueni na Kitui macho yakiwa ya manjano, ini limeshindwa. Wengine walitoka Machakos, na wengine wilaya yetu hii ya Thika. Kufikia tarehe 20 Julai walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 317, na 125 kati yao walikuwa wamekufa. Fikirieni uwiano huo: katika kila watano, wawili.

Damu ilipopimwa virusi havikuonekana. Kulikuwa na wazee wa kazi waliokumbuka mwaka 1981, Machakos, na wakashuku sumu ya kuvu, aflatoksini, ile inayotokea kwenye mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Kushuku ni kitu kimoja. Wachunguzi wakafanya kile ambacho miaka mingi baadaye nilikifanya mimi kwenye ploti tatu bila kujua jina lake: wakachukua wagonjwa 40, wakawatafutia watu 80 ambao hawakuugua, wakawauliza wote maswali sawa na kuyapima mahindi yao. Tofauti ikatokea. Walioumwa walikuwa wamekula zaidi mahindi ya shambani kwao, yaliyoingizwa ndani ya nyumba kabla hayajakauka. Sampuli nyingine zilikuwa na sumu ya 4,400 kwenye kipimo ambacho Kenya wakati huo iliruhusu 20. Walipokwenda masokoni, katika masoko 65, zaidi ya nusu ya bidhaa za mahindi walizozipima zilikuwa juu ya kiwango. Serikali ikapeleka chakula kingine Makueni na Kitui badala ya kile kibovu.

Mimi nauza mahindi. Wateja wananiona mjuaji ninapokataa gunia kwa sababu limetoa harufu ya pishi la zamani, au ninapotia mkono hadi chini kabisa kabla ya kulipa. Kukausha tena hakusaidii, sumu ikishaingia haiondoki kwa jua wala kwa kuchemsha. Hayo niliyajua kutokana na watu 80 waliokuwa wazima na wakakubali kuulizwa. Sijui majina yao. Lakini kila ninaponunua mzigo nafanya kazi kwa majibu yao.

Kuna wakati nafikiri bahati mbaya ya kazi hii ni kwamba ikifanyika vizuri hakuna cha kuzindua. Zahanati ina utepe wa kukata. Mlipuko uliozimwa ukiwa na watoto tisa hauna jiwe la msingi, hauna hata picha. Siwalaumu wanasiasa, hata mimi namkumbuka fundi aliyejenga kuliko yule aliyeziba paa kabla ya mvua.

Ila mlipuko usiozimwa una picha. Oktoba 2022 kipindupindu kilianzia kwenye harusi, hapa hapa Kiambu. Wageni wakala, wakacheza, wakapanda magari kurudi makwao. Wimbi lililofuata hapo lilifika zaidi ya kaunti 20, na kufikia mwaka uliofuata nchi ilikuwa imehesabu wagonjwa zaidi ya 12,000 na vifo zaidi ya 200. Nimeshaketi kwenye kamati nyingi za harusi, na nawaambia hakuna tukio rahisi kupeleleza kama harusi. Kuna orodha ya wageni. Kuna kitabu cha michango chenye nambari za simu. Kuna mama wa jikoni anayejua nani alipakuliwa nini, na kuna picha za kila meza. Mwenye ufundi wa kuuliza, na aliyefika mapema, anaweza kuwapata waliokunywa juisi na waliokunywa soda, walioondoka kabla ya chakula na waliobaki hadi usiku. Baada ya wiki moja kumbukumbu zinachanganyika na wageni wametawanyika. Wataalamu siku hizi wana lengo wanaloliita saba-moja-saba: mlipuko ugunduliwe ndani ya siku saba, utangazwe kwa wahusika ndani ya siku moja, na hatua za kwanza zikamilike ndani ya siku saba nyingine. Ile saba ya kwanza haiko Nairobi, waheshimiwa. Iko kwenye kemisti ya mtaa, kwa mama wa kituo cha kulelea watoto, kwa mchinjaji, kwangu.

Na Ruiru si kijiji tena. Sensa ya 2019 iliuhesabu mji wa Ruiru kuwa na watu 490,120, wa nne Kenya, ukiupita Eldoret na Kisumu. Wengi wetu tunafikiri bado ni kituo cha kushukia ukienda Thika. Mashamba ya kahawa yamegeuka ghorofa. Palipokuwa na nyumba moja na choo cha shimo pana vyumba arobaini na kisima kimoja, na lori la kunyonya majitaka linakuja siku mwenye ploti akikumbuka. Wikendi nusu ya Nairobi iko Kamakis ikila nyama. Malori ya bypass hayalali. Kuku wa mayai wanatoka kaunti hii kwenda kila mahali. Ukitaka kubuni mahali ambapo ugonjwa mpya unaweza kuingia asubuhi na kuondoka jioni ukiwa na tiketi ya kwenda sehemu kumi, utaniletea ramani ya Ruiru.

Najua mtaniambia kila kaunti ndogo tayari ina mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa, na kila wiki vituo hujaza fomu ile ya MOH 505. Ni kweli, na watu hao nawaheshimu. Kuhusu fomu hiyo yule msichana alinifundisha jambo ambalo sijaweza kulisahau. Kama wiki nzima hakuna surua, unaandika sufuri. Huachi wazi. Sufuri maana yake nimetazama na sikuona. Nafasi iliyo wazi maana yake hakuna aliyetazama. Kwenye jumla ya mwisho wa mwezi hivi viwili vinafanana kabisa, na hapo ndipo nchi nzima inaweza kudanganywa na karatasi isiyo na kosa hata moja la hesabu.

Mwaka 2025 madaktari wa kaunti hii walikuwa kwenye mgomo kwa karibu siku 150. Sitaingia kwenye nani alikosea. Hilo mlilijadili nyinyi na mahakama. Nasema tu nilichokiona kwenye nyumba zangu: watu hawakuacha kuumwa. Walikwenda kemisti, wakaenda kliniki za kulipa, wakaombewa, wakasafiri kwa dada zao Murang'a. Siku moja mtu atakaa na takwimu za miezi hiyo aone mistari imeshuka, na kama hajafundishwa atasema magonjwa yalipungua. Aliyefundishwa atauliza kwanza kama mlango ulikuwa wazi. Tofauti ya watu hao wawili ni miezi mitatu ya mafunzo, nami sielewi kwa nini jambo la bei ndogo kiasi hicho tunaliachia wageni.

Hapo ndipo penye kiini cha barua yangu. Tangu 2013 afya iko mikononi mwa kaunti. Mwalimu wa mafunzo haya yuko upande wa wizara, sehemu kubwa ya karo imekuwa ikitoka kwa wafadhili, na mwanafunzi ni mwajiriwa wenu. Kila mmoja ana kipande, kwa hiyo mafunzo yakikatika hakuna anayeona kuwa kilichokatika ni chake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni akiondoka itakuwaje. Januari 2025 rais mpya wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na kufikia Julai mwaka huo shirika la misaada la nchi hiyo, USAID, lilikuwa limevunjwa na mabaki yake kuingizwa wizara ya mambo ya nje. Sisemi hayo kwa uchungu. Fedha ni zao. Nasema tu kwamba tulipata onyo la bure, na mtu akipata onyo la bure akalitupa, la pili hulilipia.

Ninachoomba si kikubwa. Kwenye makadirio yajayo ufuatiliaji wa magonjwa uwe na fungu lake lenye jina lake, usichanganywe ndani ya "huduma za kinga" ambamo chochote kinaweza kuingia na chochote kinaweza kutoka. Kutoka fungu hilo kaunti iwalipie maafisa wake wenyewe mafunzo ya mstari wa mbele, kila awamu inapofunguliwa, hata kama ni wawili tu kwa kila kaunti ndogo. Na wasiwe wa afya ya umma peke yao. Programu hii hupokea madaktari wa mifugo na watu wa maabara, na kaunti yenye ng'ombe wa maziwa, nguruwe na kuku kama yetu haina sababu ya kumwacha daktari wa mifugo nje. Mwaka 2006 kuingia 2007, homa ya Bonde la Ufa ilipozuka Garissa na kusambaa, Kenya ilihesabu wagonjwa 684 na vifo 155. Ugonjwa huo hupita kwa mifugo: mimba za mbuzi na ng'ombe hutoka ovyo. Anayesikia habari za mbuzi mapema ndiye anayeokoa mchungaji.

Jambo la tatu ni gumu zaidi kwa sababu linagusa tabia. Mkimsomesha mtu, mwacheni akae. Nimewaona maafisa wazuri wakihamishwa wakati wameanza kujua majina ya wenye ploti. Mpelelezi hutumia mwaka mzima kujenga imani ya kuulizia watu habari za vyoo vyao. Ukimhamisha unaanza upya na mgeni, na mgeni hajui kwamba kwenye ploti ya kijani lazima uanze na nyanya. Wekeni mkataba wa miaka miwili au mitatu baada ya mafunzo. Mpeni mafuta ya pikipiki, kredo na bando. Msimpe tu cheti cha kuning'iniza. Mtasema wakishasoma wanakimbilia mashirika. Baadhi watakimbia. Lakini nimesikia sababu zao, na mara nyingi mshahara si wa kwanza kwenye orodha. Wanachoka kuandika ripoti ambazo hakuna anayezijibu.

Msiudharau ule mtandao pia. Niliposoma kuhusu AFENET nilidhani ni ofisi yenye kompyuta nyingi. Yule msichana akanieleza kwa namna yangu: ni kama chama cha akina mama waliosoma darasa moja. Ukikwama unampigia simu uliyekaa naye dawati moja, anakujibu hata kabla barua rasmi haijapata mhuri. Julai 2024 mgonjwa wa kwanza wa mpox Kenya alithibitishwa Taveta, mpakani, dereva wa lori aliyekuwa ametoka Uganda akielekea Rwanda kupitia kwetu. Nchi tatu katika safari ya mtu mmoja, na ukihesabu Tanzania aliyokuwa anaikaribia, nne. Ugonjwa haukusubiri mabalozi. Afisa wa Ruiru aliye na nambari ya mwenzake wa Taveta, na wa Busia, na wa Kampala, ana kitu ambacho hakuna bajeti inayoweza kukinunua wiki ile kinapohitajika. Kinapatikana kwa kumpeleka darasani kabla.

Nimeahidi kuzirudia sampuli za maji. Zilipelekwa mahali, sitaji wapi kwa sababu sitaki mtu mmoja abebeshwe tabia ya wengi. Sisi tuliwaambia watu wachemshe, yule muuzaji akaonywa asafishe mapipa, watoto wakapona. Majibu hayakurudi. Msichana alimaliza mafunzo, akarudi upande wake, akanipigia mara mbili kuniuliza kama nimesikia lolote, nami nikamuuliza yeye hivyo hivyo. Mpaka leo sijui kama yalikuwa yale maji. Muuzaji naye hajui. Kila akipita na mkokoteni ananitazama kama mtu aliyeshtakiwa na kesi yake haikuamuliwa, na mimi sina la kumwambia. Yule mama aliyekasirika kwenye ngazi aliniuliza wiki mbili baadaye, "Wale waliouliza, walipata nini?" Mara nyingine nikimpelekea mpelelezi mlangoni, je, atafungua?

Hili ndilo ombi langu la mwisho na halina gharama ya kutaja. Andikeni kuwa kila uchunguzi unaofanywa kwa watu wa kaunti hii urudishe majibu yake kwa watu hao, kwa lugha wanayoielewa, hata majibu yakiwa kwamba hatukupata kitu. Kwa wataalamu hiyo ni sehemu ya kazi, wanafundishwa hivyo. Kwa mfumo ni kitu kinachofanyika gari likiwa na mafuta.

Nawakaribisha Gatongora. Si lazima kiwe kikao. Njooni wawili, asubuhi ya siku ya kazi, tupite nyumba kumi, tano zenye mgonjwa na tano zisizo naye. Vaeni viatu ambavyo hamvionei huruma. Na yale majibu ya maji yakipatikana popote yalipo, yaletwe kibandani. Asubuhi niko kwenye ploti. Kuanzia saa saba mnanipata.

Wenu,
Mhamasishaji wa afya ya jamii na muuza nafaka,
Gatongora, Ruiru